Hodi kwenye Pango la Joka

Boksi lile lilitoka ndani ya robota la mitumba. Kaka yangu alilikuta katikati ya makoti ya watoto, limebonyea kona moja, lina picha ya joka jekundu kwenye kifuniko. Ndani mlikuwa na kitabu cha Kiingereza, ramani ya nchi isiyokuwepo, na dadu za ajabu, nyingine zina pande nyingi hata huelewi zitatuliaje. Aliniletea mimi kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na Kiingereza nilikisoma, na kwa sababu nyumbani kwetu hakuwa na mtu mwingine wa kumletea kitu.

Hilo la pili lina maelezo yake.

Baba alikuwa na duka la nguo Dodoma mjini tangu kabla sijazaliwa. Khanga kwa doti, vitenge, kitambaa cha suruali kwa yadi, na barazani mafundi cherehani waliokuwa wakiimba zaidi ya kushona. Babu yake alifika huku na misafara ya wafanyabiashara, akaoa, akabaki, na tangu hapo ukoo wetu umekuwa wa watu wa mjini, watu wa kupima kitambaa na kukikata. Miaka ile biashara zilipofunguliwa, baba alitegemea kaka ashike duka. Kaka akashika robota. Alitandika turubai lake si mbali na baraza ya baba, akawa anapiga makofi na kuita wateja, na mtu aliyekuwa akishonesha shati moja kwa baba akawa anaondoka na matatu kwa kaka. Mafundi cherehani wakahama mmoja baada ya mwingine. Nguo zile watu waliziita kafa Ulaya, wakicheka. Baba hakuona cha kuchekesha. Siku fundi wa mwisho alipobeba cherehani yake, baba alisimama katikati ya sebule akasema, "Anayekula kwa nguo za maiti asikanyage hapa." Kaka, ambaye kwa hasira ni baba mtupu, alibeba godoro lake siku ile ile akahamia chumba cha kupanga mtaa wa Makole.

Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo hapakuwa na wa kuwasuluhisha. Nilibaki mimi, mwalimu wa muda wa shule ya msingi, mwenye mdomo mkali na subira ndogo.

Kaka alijaribu. Asubuhi ya Idd alikuja mlango wa mbele, kanzu imepigwa pasi, akapiga hodi. Baba alikuwa sebuleni na tasbihi yake. Nikafungua mdomo nijibu. Akanyoosha kidole kimoja bila kunitazama. Kwetu mwenye nyumba akiwepo, mtoto hajibu hodi juu yake. Nikasikia viatu vya kaka vinasubiri, halafu vinaondoka. Mara ya pili baba alikuwa hoi kwa malaria, amelala kwenye kochi. Kaka akapiga hodi, tena mara moja tu, na baba akageukia ukutani. Baadaye nilikuta fuko la zabibu kizingitini. Sikuthubutu kuliingiza ndani. Mbuzi wa jirani walizimaliza zote, na niliwachukia mbuzi wale kuliko walivyostahili.

Baada ya hapo kaka hakupiga hodi tena. Ndipo alipokuja na lile boksi, kwa mlango wa uani.

Kitabu kilieleza mchezo usio na mshindi. Mmoja anakuwa msimulizi na hakimu: anawaeleza wenzake wako wapi, wanaona nini, nani anawajia. Wengine kila mmoja anajitungia mtu wake na kusema mtu huyo anafanya nini. Jambo likiwa la kubahatisha, kama kuruka shimo au kumkwepa adui, dadu inaamua. Mchezo unaweza kwenda miezi, hadithi ikiendelea ilipoachwa. Mtu wako akifa, amekufa, na huna tena kazi mkekani.

Nilikisoma kitabu chote huku nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na nilipomaliza nilikuwa na mpango. Baba alikataza sebule. Ua hakuutaja. Mchezo ukichezwa uani kila Jumamosi, kaka atakuwa nyumbani kila Jumamosi, na kati ya ua na kiti cha baba kulikuwa na pazia tu. Sikutaka kitu kingine duniani ila wale wawili wasalimiane, na niliamini kwamba watu wakisikiana sauti muda mrefu wa kutosha, salamu itawaponyoka wenyewe.

Tulihitaji wachezaji. Nikamchukua mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, dada wa Kondoa aliyekuwa akiuza mafuta ya alizeti na ulezi sokoni, mcha Mungu na mwenye adabu iliyopitiliza. Kaka akamleta rafiki yake, fundi wa kuchomelea kutoka Kizota, Mgogo mwenye sauti nene ambaye baba alimpenda kwa sababu alimtengenezea nondo za madirisha bila kumpandishia bei. Fundi akawa kibeti wa milimani mwenye shoka. Dada wa Kondoa akawa mpiga upinde wa msituni, mwenye masikio marefu na umri wa miaka mia kadhaa, jambo ambalo lilimpendeza sana. Kaka akawa askari mzee wa upanga, asiye na bwana wala nyumba. Alikuwemo pia mtu wa kufanya mambo kwa maneno ya siri; kitabu kilimwita mchawi, lakini ukuta wetu ulikuwa mfupi na majirani wana masikio, kwa hiyo huyo nilimwacha ndani ya kitabu.

Jumamosi ya kwanza baba aliniita chumbani. Hakuuliza nani yuko uani. Alisema, "Hizo zinazogonga kwenye sinia ni dadu. Dadu ni kamari, na kamari haichezwi kwenye nyumba hii." Nilitamani kumwambia hakuna mtu anayeweka hata ndururu, lakini nilimfahamu, angetafuta sababu nyingine. Nikakusanya vizibo ishirini vya soda, nikaviandika namba kwa rangi ya kucha, nikavitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Badala ya kurusha, tukawa tunatikisa na kuchota. Namba kubwa heri, namba ndogo shari. Fundi akaweka sharti kwamba kila kizibo kichotwe juu ya sinia, mbele ya macho ya wote, maana alisema hakimu mwenye hasira si wa kuachiwa kopo peke yake. Kila mtu akacheka, nami nikakubali kabla sijafikiri maana yake.

Maana yake niliijua wiki chache baadaye, kwenye kisima cha nyoka. Askari wa kaka alikuwa ananing'inia kwa kamba, kaumwa mara mbili, na kitabu kilisema wazi: chini ya kumi, anafia humo. Kaka alinyoosha mkono kwenye kopo huku akicheka na fundi. Mimi nilikuwa nikipiga hesabu. Mtu wake akifa, mchezo kwake umekwisha. Mchezo ukiisha, hana sababu ya kufungua geti la uani. Na baba hata siku moja hatamfuata Makole. Vyote hivyo vilikuwa kwenye kizibo cha soda. Akachota kumi na moja. Nikainuka nikaenda jikoni kana kwamba nafuata maji, nikarudi bila maji. Nilikuwa nimemkasirikia kaka kwa kucheka.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi nilicheza roho juu. Lakini pazia nalo lilianza kunipa matumaini. Baba alikuwa na desturi ya kukaa ukumbini baada ya swala ya alasiri, nyuma ya pazia lile, na redio yake mapajani. Mwanzoni aliifungulia sauti mpaka ikatubidi tupaze zetu. Halafu ikashuka kidogo. Halafu ikawa inanong'ona tu, na siku tulipovuka mto wenye mamba sikuisikia kabisa. Sikumwambia kaka. Niliogopa kwamba akijua anasikilizwa ataanza kusema ya kusikilizwa, na baba ataondoka.

Tatizo langu kubwa kama hakimu lilikuwa dada wa Kondoa. Kitabu kilijaa viumbe wa kupigana nao, na yeye alitaka kuwasalimia wote. Tulipofika kwenye daraja la jiwe, nikawaletea zimwi kubwa la kizee linalokula wasafiri. Nilikuwa nimeliandaa wiki nzima. Nikaunguruma kwa sauti nene, nikaeleza meno yake. Dada wa Kondoa akakunja mikono kifuani, akasema kwa upole, "Shikamoo, babu."

Nami, mtoto wa nyumba yenye adabu, nikajibu kabla sijajizuia: "Marahaba."

Fundi akashusha shoka lake la kuwaziwa. "Basi tena," alisema. "Ameshaitikia. Utampigaje mzee aliyekuitikia?"

"Ni zimwi," nilisema.

"Zimwi limeitikia marahaba, mwalimu. Sasa ni babu yetu."

Nilijaribu kulirudisha kwenye ubaya wake, nikashindwa. Niliwafokea. Niliwaambia wakasalimie mbuzi kama wanapenda salamu. Wakavuka daraja huku zimwi likiwauliza habari za watokako, na nyuma ya pazia nikasikia kitu kama kikohozi, ambacho kwa baba kilikuwa kicheko. Kaka alikisikia pia. Alitazama pazia, kisha akainamia ramani muda mrefu, akijifanya anasoma maneno ambayo hakuyajua.

Wiki ile nilijiapiza kwamba kiumbe wa mwisho hataweza kusalimiwa. Lile joka jekundu la kwenye kifuniko, mwisho wa safari yote, watalikuta limelala. Aliyelala hasalimiwi. Watalivamia, watapigana, na mimi nitapata angalau vita moja ya haki.

Siku moja katikati ya juma kaka alinifuata shuleni wakati wa mapumziko. Vumbi lilikuwa linapepea uwanjani na watoto wamejifunga sweta vichwani. Aliniambia amepata mwenzake wa biashara Mwanza, watakuwa wakinunua marobota kwa jumla. Lori linaondoka Jumapili alfajiri.

"Utarudi lini?" nilimuuliza.

"Nirudi wapi?" alisema. "Makole ni chumba cha kupanga."

"Nyumbani."

Alivuta mchanga kwa ncha ya kiatu. "Unakumbuka baba alitufundisha nini kuhusu hodi?"

Nilikumbuka. Ilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza aliyotufundisha, kabla hata ya kufunga kamba za viatu. Unapiga hodi mara tatu. Ukijibiwa, unaingia. Usipojibiwa mara ya tatu, unageuka unakwenda zako bila kinyongo, kwa kuwa mwenye nyumba ana haki ya kutokupokea.

"Mimi nimepiga mbili," kaka alisema. "Ile ya Idd na ile ya malaria. Nimebakiwa na moja. Nikiipiga akanyamaza, ndiyo basi, ni kwenda nisirudi tena. Naiogopa, mdogo wangu. Bora niondoke nayo mfukoni."

"Kwa hiyo hutaipiga?"

"Jumamosi nakuja kumaliza mchezo," alisema. "Nitaingilia uani na nitatokea uani. Jumapili nimeondoka."

Nilimwambia kwamba yeye na baba ni wapumbavu wawili walioshonwa kutoka kitambaa kimoja. Kengele ikagongwa, nikaingia darasani kufundisha desimali, na sikumbuki nilifundisha nini.

Jumamosi ile upepo ulikuwa mkali. Bati moja la jikoni lilikuwa limelegea, likawa linapiga kila dakika, na kila likipiga nilishtuka. Tulikaa mkekani kama kawaida: fundi ameegemea ukuta, dada wa Kondoa na bakuli lake la karanga, kaka juu ya kigoda. Sinia katikati, kopo juu ya sinia. Baba alisharudi kutoka kuswali; nilisikia kiti chake kikilia nyuma ya pazia. Redio haikufunguliwa kabisa.

Nikawapandisha mlima. Nikawaeleza mawe yaliyoungua, mifupa ya kondoo, na mwishoni mdomo wa pango, mpana kuliko stesheni, unatoa joto kama tanuri. Ndani, gizani, kitu kikubwa kinapumua. "Joka limelala," nilisema. "Mnafanyaje?"

Fundi alikuwa ameshaanza kusugua mikono. "Naingia na shoka."

"Subiri," kaka alisema. "Mimi napiga hodi."

Nilidhani anatania. Nilimtazama, na uso wake haukuwa na utani wowote.

"Hodi gani?" nilisema. "Mmekuja kuua. Mmetembea miezi mje kuua. Nani anampigia hodi anayekwenda kumuua?"

"Nimezunguka dunia nzima na upanga huu," kaka alisema, na alisema kwa sauti ya yule askari wake mzee, pole pole. "Sijawahi kuingia kwa mtu kama mwizi. Pango lina mwenyewe. Hodi."

Dada wa Kondoa alitikisa kichwa kukubali. Bati likapiga. Nilitaka kukataa, lakini mimi ndiye niliyesema kwamba kila mmoja anaamua mtu wake anafanya nini, na jambo la kubahatisha linaamuliwa na kopo. Je, joka limesikia? Nikalitikisa kopo, nikachota juu ya sinia.

"Tatu," fundi alisoma.

"Halikusikia," nilisema. "Limelala."

"Hodi," kaka akasema tena.

Mara hii hakuitazama sinia wala ramani. Alikuwa amekigeuza kigoda, uso umeelekea nyumba. Nilichota, na nakiri kwamba nilitamani kusema uongo. Kumi na tano ingetosha. Joka lingeamka, lingesema karibu, tungecheka, na ile ya tatu isingehitajika. Lakini fundi alikuwa ameshainamia sinia.

"Sita," alisema. "Jamani, tuingieni. Lina usingizi wa mlevi."

"Bado moja," kaka alisema. "Ya tatu likinyamaza, mimi narudi nilikotoka."

"Unarudi?" Fundi alikaa wima. "Kisima cha nyoka, mamba, yule babu wa darajani, halafu unarudi kwa sababu joka halijakwambia karibu?"

"Ndiyo."

"Hiyo sheria iko kwenye kitabu?"

"Haiko," nilisema. Nilimkasirikia kila mtu pale, hata dada wa Kondoa aliyekuwa ameacha kutafuna. "Kitabu hakina hodi. Ni joka. Joka halipigiwi hodi."

"Ni mila ya kwetu," kaka alisema.

"Mila ya nyumba za watu. Mimi kwetu mtu akikaa kimya tunachungulia, huenda anaumwa," fundi alisema. Kisha, kabla sijamzuia, aliinua ile sauti yake ya karakana kwa salamu ya Kigogo. "Mbukwa, mzee! Uko hapo?"

Hakuna aliyewahi kusema na pazia lile. Baba alikuwa nyuma yake miezi yote na sisi sote tulikuwa tumekubaliana, bila kukubaliana, kwamba hayupo.

"Mbukwa," pazia lilijibu. Baba alizijua salamu za wateja wake wote.

"Tunaomba utuamulie jambo, mzee wangu. Mtu akipiga hodi mara tatu asijibiwe, anaruhusiwa kuingia?"

Kaka alikuwa amefumba macho. Nilisikia tasbihi ikihesabiwa, punje kwa punje, halafu ikasimama.

"Haruhusiwi," baba alisema. "Asipojibiwa ya tatu anarudi alikotoka. Hiyo ndiyo adabu."

Fundi alinitazama akiomba nimweleze amekosea nini, kwa sababu habari za zile hodi mbili hakuzijua. Kaka alifumbua macho, akatikisa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama mtu aliyesomewa hukumu aliyoitegemea.

"Nimeelewa," alisema. Akauinua mkono wake kutoka gotini, akavuta viatu vyake kutoka pembeni ya mkeka. Vilikuwa viatu vizuri vya ngozi, vya mitumba, soli imeliwa upande na mwenyewe wa kwanza. Akaanza kufunga kamba. Dada wa Kondoa alimshika bega akasema, "Kaa, ndugu yangu, chai iko jikoni," na kaka akamwambia asante, lori ni la alfajiri na hajafunga mizigo.

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa kulirarua lile pazia. Kwa kweli nilishafika hatua ya kulishika, kitambaa kilikuwa ndani ya ngumi yangu, na maneno niliyokuwa nimeyapanga kumwambia baba yangu mzazi sitayaandika hapa.

"Amepiga ngapi?" baba aliuliza.

Alikuwa karibu sana. Alikuwa amesimama, hakuwa tena kitini. Tulitenganishwa na kitambaa tu.

"Nani, baba?"

"Mwenye upanga. Huyo anayefunga viatu. Amepiga hodi ngapi?"

Nilimtazama kaka. Mikono yake ilikuwa imeganda kwenye kamba.

"Mbili," nilisema.

"Mimi pia nilihesabu mbili," baba alisema. "Sasa mbona anaondoka? Ya tatu bado."

Nikasikia kandambili zake zikienda, si kwenye kiti, zikienda mbele, kuelekea sebuleni. Nikaliachia pazia.

Kaka alikaa pale kwenye kigoda kama amepigwa na kitu. Fundi, ambaye sasa alikuwa ameanza kuelewa, alimsukuma mgongoni kwa kiganja. "Nenda, bwana," alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

Kaka akatoka kwa geti la uani. Angeweza kupita ndani, hatua chache tu, lakini hodi haipigwi kutokea jikoni. Tulisikia viatu vyake vikizunguka nyumba kwa uchochoro, vikipita dirisha la chumba changu, vikikwama kidogo kwenye kona penye mfereji wa maji machafu, vikiendelea. Dada wa Kondoa alikuwa ananong'ona dua. Mimi nilisimama palepale kwenye pazia, siko ndani siko nje, nikaona sebule kupitia upenyo: kochi, saa ya ukutani, mgongo wa mlango. Baba hakuonekana.

"Hodi."

Sauti ya kaka ilikuwa kavu. Ilibaki hewani, na hakuna aliyeijibu.

Bati likapiga. Mtaani mtu alipita na baiskeli, akamsalimia kaka, na kaka hakumjibu. Nilihesabu pumzi zangu nikapotea. Niliwaza kwamba baba ameghairi, ameingiwa na kile kiburi chake mlangoni, amekaa kitandani ananyamaza kama alivyonyamaza Idd. Niliwaza kwamba amemwita mwanawe kwenye mlango wa mbele ili amnyime jibu la hodi ya tatu kwa haki, kisheria, jambo liishe. Nilikuwa namjua; aliweza. Nilimchukia kwa muda ule mfupi kwa moyo wangu wote.

Halafu nikasikia kifuniko cha kasha chumbani kwake kikifungwa. Baba akatokea. Kumbe alikuwa anatafuta kofia. Alikuwa amevaa ile ya tarizi, ya Idd na ya maharusi, na alikuwa bado anaiweka sawa kwa mikono miwili, maana mgeni hapokewi kichwa wazi. Alisimama mbele ya mlango. Nilimwona akiuweka mkono kwenye komeo na kuuacha hapo kidogo, mkono wa mtu mzee, mishipa imesimama.

Akavuta komeo.

"Karibu," alisema. Kisha, kwa sauti ile ile ya kupokea wageni: "Lakini upanga uache nje."

Sikusikia kaka alijibu nini. Nilisikia kelele kama ya mtu anayecheka akiwa amebanwa kifua, na "Shikamoo, baba" iliyokatika katikati, na baba akasema marahaba, marahaba, akiirudia. Nikakaa chini sakafuni na kulia bila aibu. Nyuma yangu fundi alikuwa anamweleza dada wa Kondoa kwamba sasa ameelewa, kumbe ndiyo maana, kumbe ndiyo maana.

Hatukurudi kwenye mchezo siku ile. Nilikusanya vizibo, nikavirudisha kwenye kopo, na joka lile nililiacha limelala, na mpaka leo hakuna aliyewahi kuliamsha. Kaka alikwenda Mwanza alfajiri kama alivyopanga, na akawa anarudi. Mitumba hakuiacha, wala baba hakuisamehe kwa maneno.

Ila jioni ile, nilipotoka barazani kufagia vumbi, nilikuta viatu vya kaka vimevuliwa mbele ya kizingiti, vile vya ngozi, soli imeliwa upande. Mlango wa mbele ulikuwa wazi kabisa. Mtaa mzima ulikuwa unapita ukivitazama, mtaa uliojua kila neno baba alilolisema kuhusu nguo za maiti, na nilipoinama kuvisogeza pembeni ili visionekane, baba akaniita kutoka sebuleni.

"Viache hapo hapo," alisema.